PSK31

PSK31 ni mtindo wa kupeleka maandishi kwa redio unaotumiwa na wanaredio wa ridhaa, hasa kwenye masafa mafupi. Uliundwa na Peter Martinez wa Uingereza, mwenye alama ya wito G3PLX, kutokana na wazo la Paweł Jałocha wa Polandi (SP9VRC). Toleo linalotumia kadi ya sauti ya kompyuta lilitoka mwishoni mwa 1998. Kabla yake majaribio ya aina hii yalidai bodi maalumu za kuchakata mawimbi.

Kompyuta hutoa mlio mmoja na kuuingiza redioni mahali pa kipaza sauti. Biti ya 0 hugeuza fezi ya mlio kwa nyuzi 180, biti ya 1 huiacha ilivyo. Biti hupita 31.25 kwa sekunde, kasi inayomtosha mtu anayechapa kwa vidole vyake mwenyewe. Mlio huchukua makumi machache tu ya hezi, kwa hiyo katika nafasi ya sauti ya mtu mmoja huenea mazungumzo mengi.

Ufundi wenyewe umo katika msimbo wa Varicode. Herufi zinazotumika sana hupewa biti chache: nafasi ni 1, e ni 11, ilhali z ni 111010101. Kati ya herufi huwekwa 00, na hakuna herufi yenye sufuri mbili mfululizo ndani yake, hivyo anayedaka matangazo katikati hujipanga mara moja. Martinez alipima matini ya Kiingereza ili kujua herufi zipi hutumika sana. Kiswahili chenye a tele hulipa biti nne kwa kila moja. Neno “habari”, pamoja na 00 baada ya kila herufi, hula biti 42, kama sekunde 1.3. Ukiandika “HABARI” zinafika 58, ndiyo maana wazoefu hawapendi herufi kubwa.

Kinachowaudhi majirani hewani ni sauti ya kompyuta iliyopandishwa mno. Nguvu ya wimbi hushuka hadi sufuri kila fezi inapogeuka, na kikuza nguvu kilichozidiwa huvuruga umbo hilo, mlio ukatapakaa pande zote.

PSK31 ya kawaida hairekebishi makosa: ishara ikififia, skrini hujaa herufi za ovyo. Mwaka 2017 mtindo mwingine, FT8 ya Joe Taylor na Steven Franke, wenye zamu za sekunde 15, uliwavuta wengi kwa kudaka ishara hafifu mno. Lakini humo kwa kawaida hupita alama za wito, eneo na kipimo cha ishara tu; ukitaka kumuuliza mwenzako antena yake ameifunga juu ya nini, utarudi kwenye PSK31, karibu na megahezi 14.070.