Wauza Kahawa na Wachukuzi: Wazee Wetu na Haki ya Kutafuta Riziki Njiani

Nasaba nyingi tunazoandikiana, sisi tuliotawanyika Louisville, Columbus na Buffalo, huanzia mashambani na baharini: karafuu za Pemba, minazi ya Unguja, majahazi yaliyokuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Ni kweli walikuwapo wenye mashamba na majahazi. Lakini wengi wa wazee wetu, Mwenyezi Mungu awarehemu, hawakumiliki mti wala tanga. Walikuwa na bega la kubebea mzigo na dele la kahawa, na riziki yao waliipata njiani. Naandika haya nikiwa Jeffersontown, pembezoni mwa Louisville, kwa kuwa naona sehemu hiyo ya historia inafutika katika masimulizi yetu.

Tuanze na neno kibarua. Katika Unguja ya karne ya 19, mtumwa aliyekodishwa kufanya kazi mjini alihesabiwa kazi yake kwa barua ndogo, na sehemu ya ujira aliipeleka kwa bwana wake. Kwa hiyo kazi za mtaani katika miji yetu ya pwani hazikuzaliwa katika uhuru. Hadhi ya utumwa ilipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, walioachwa huru walikutana na watu wa bara, Wangazija na Washihiri katika kazi zilezile: kuchukua mizigo bandarini, kusukuma magari ya hamali, kuuza maji, kuuza kahawa. Katika nasaba zetu wamo waliopokea ujira wa vibarua na wamo waliokuwa vibarua wenyewe. Ukoo unaotaja upande mmja tu umesimulia nusu ya habari zake.

Washihiri walipewa jina la bandari ya Shihr, huko Hadhramaut. Walikuwa Waarabu, lakini Uarabu wao haukuwapa shamba. Wengi walifika mikono mitupu, wakikimbia ufukara na ukame. Katika karatasi za ukoo wetu, babu mzaa babu yangu ameandikwa kuwa mfanyabiashara. Biashara yake ilikuwa kahawa, na duka lake lilikuwa baraza ya nyumba ya mtu mwingine mtaa wa Malindi. Alipita na dele juu ya makaa, akigonganisha vikombe kiganjani ili watu wajue amefika. Aliyemkaribisha barazani hakumdai kodi, kwa sababu penye kahawa hukaa watu, na penye watu nyumba hupata heshima. Hiyo ilikuwa haki iliyolindwa na ada ya mji, wala haikuandikwa popote.

Serikali zilikuja na utaratibu wa aina nyingine. Soko la Darajani lilijengwa mwaka 1904, na biashara ikaanza kugawanywa kati ya ile yenye paa na ile isiyo na paa. Ng'ambo ya pili, Tanganyika, mambo yalikuwa makali zaidi. Sheria ya mwaka 1944 iliwapa watawala uwezo wa kuwaondoa mijini Waafrika waliohesabiwa kuwa hawatakiwi, na asiye na kazi inayotambulika aliitwa mhuni. Ukoloni ukaondoka, lakini fikra ile ikabaki. Mwaka 1983 sheria ya Nguvu Kazi ilitumika kuwakamata watu wa Dar es Salaam walioonekana hawana kazi na kuwapeleka vijijini, na miongoni mwao walikuwamo watu waliokuwa wakifanya kazi tangu alfajiri. Kosa lao ni kwamba kazi yao haikuwa na mlango wala kibao.

Baadaye mchuuzi akapata jina la machinga. Jengo la Machinga Complex lilikamilika Ilala mwaka 2010, lakini vizimba vingi vilikaa vitupu, kwani mnunuzi wa njiani hapandi ghorofa kutafuta soksi. Mwezi Desemba 2018 Rais Magufuli alianzisha vitambulisho vya shilingi 20,000 kwa wafanyabiashara wadogo, na wachuuzi wakapumua. Mwezi Oktoba 2021, chini ya serikali iliyofuata, wakaondolewa tena katika barabara za Dar es Salaam na kuelekezwa maeneo mengine. Sisemi kwamba barabara haihitaji mpango. Mwenye miguu anastahili njia, na mwenye duka anayelipa pango ana hoja yake. Lakini tazameni jinsi mambo yalivyokwenda: kilichotolewa kwa neno la mkubwa kiliondolewa kwa neno la mkubwa. Ruhusa haijawa haki mpaka mwenye nayo aweze kuidai mbele ya hakimu.

Upo mfano wa kheri kwetu wenyewe. Bustani ya Forodhani ilipofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya kukarabatiwa, wauza chakula wa usiku walirudi kwenye meza zao palepale watu wanapopita. Mpango ulimkumbuka mchuuzi pamoja na njia ya mteja wake.

Na huku ugenini? Hapa Louisville ilikuwapo kanuni iliyozuia gari la chakula kusimama ndani ya futi 150 za mkahawa unaouza chakula kama chake, isipokuwa kwa ridhaa ya mwenye mkahawa. Wenye magari waliishitaki serikali ya mji mwaka 2017, na mwaka 2018 kanuni ikaondolewa. Buffalo, soko la West Side Bazaar lilianza mwaka 2011 kuwapa wakimbizi na wahamiaji vibanda vya kuanzia. Baadhi yetu sasa ni wenye maduka na mikahawa, na katika vikao vya miji hii tutaulizwa tunamwonaje anayeuza nje ya mlango wetu.

Ndugu zangu, nawaomba jambo moja kabla wazee waliobaki hawajatutoka. Waulizeni kazi za mababu kwa majina yake: hamali, muuza maji, muuza kahawa, kibarua. Ziandikeni hivyo hivyo katika nasaba, bila kuzivika kanzu ya mfanyabiashara. Watoto wetu wakijua kwamba waliishi kwa ukarimu wa baraza ya mtu, hawatakuwa wepesi wa kumfukuza mtu barazani.