Nyota Iliyoshuka Kuzimu

Ewe msomaji, huenda umepata kutoka nje baada ya jua kutua, ukaona upande wa magharibi nyota moja ing'aayo kuliko zote. Na huenda miezi kadha baadaye, ulipoamka alfajiri kwenda shule, uliona nyota kama hiyo upande wa mashariki, ikilitangulia jua. Wayunani wa kale walizipa majina mawili, wakidhani kuwa ni nyota mbili. Kumbe ni moja tu, wala si nyota hasa, bali ni sayari. Sisi twaiita Zuhura, jina lililotoka kwa Waarabu, na mabinti wengi wa pwani yetu wameitwa kwalo.

Zuhura hulizunguka jua kwa siku 225, na njia yake imo ndani ya njia ya dunia yetu. Kwa hiyo haionekani kamwe mbali na jua. Huonekana jioni kwa muda wa miezi minane na zaidi, kisha hushuka siku hata siku mpaka ikapotea katika mwanga wa jua. Baada ya siku chache huchomoza tena, lakini sasa ni alfajiri. Hukaa huko miezi minane mingine, hutoweka kwa muda wa majuma saba hivi, ndipo irudipo magharibi. Safari hiyo nzima huchukua siku 584.

Watu wa kale waliyatazama mambo haya bila ya darubini. Katika mji wa Uruk, nchi ambayo leo ni Iraki, yapata miaka 5,000 iliyopita, makarani wa Kisumeri waliandika juu ya vibao vya udongo habari za Inanna wa asubuhi na Inanna wa jioni. Inanna alikuwa mungu wao wa kike wa mapenzi na vita, na nyota yake ilikuwa Zuhura. Basi waona kuwa wao walikwisha kutambua kwamba nyota hizo mbili ni moja. Miaka mia saba baadaye Enheduanna, binti wa mfalme Sargon wa Akkad, alikuwa kuhani katika mji wa Ur. Tenzi za kumsifu Inanna zimehifadhiwa kwa jina lake, naye huhesabiwa kuwa mtunzi wa kwanza duniani ajulikanaye kwa jina.

Utenzi mmoja wa Wasumeri wasimulia jinsi Inanna alivyoshuka kuzimu kwa dada yake Ereshkigal. Alipita milango saba, na katika kila mlango alivuliwa pambo au vazi moja, hata akafika mtupu. Huko aliuawa, maiti yake ikatungikwa. Zilipopita siku tatu, mtumishi wake mwaminifu alikwenda kuomba msaada, na mungu Enki akapeleka chakula na maji ya uzima. Inanna akafufuka, akarudi juu.

Je, huioni hapo ile nyota ya jioni ishukayo, ikapotea, kisha ikachomoza alfajiri? Wataalamu kadha wameona hivyo. Walakini utenzi wenyewe hausemi hayo waziwazi, na siku za kupotea kwa Zuhura si tatu kila mara. Yafaa tulitaje jambo hili kama fikira nzuri, si kama hakika.

Lakini ushahidi wa hesabu upo. Zama za mfalme Ammisaduqa wa Babeli, zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, watazamaji waliandika siku za kuonekana na kutoweka kwa Zuhura kwa miaka 21. Nakala zilipatikana Ninawi, katika maktaba ya mfalme Ashurbanipal. Wao walitaka kubashiri mvua, mavuno na vita. Sisi twaona jambo jingine: safari tano za Zuhura ni siku 2,920, sawa na miaka minane. Kwa kanuni hiyo wanahistoria wamejaribu kujua tarehe za wafalme wa Babeli, ingawa hata leo hawajaafikiana.

Basi msomaji, usiidharau ngano ya kale kwa kuwa si hesabu. Waliotunga na waliohesabu walitazama mbingu ile ile. Nawe toka nje jioni, uitafute Zuhura. Usipoiona, amka alfajiri.