Paa la Morris ya Mjomba

Jumamosi moja nilikata kipande cha kutu chini ya mlango wa gari, na kufumba na kufumbua mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukagoma. Nilisukuma, nikavuta, wapi! Bodi ilikuwa imebonyea katikati.

Gari lenyewe ni Morris Minor la marehemu mjomba wangu, alilolinunua Dar es Salaam mwaka 1963. Sisi watoto tulilijua kwa turubai lake. Siku za sikukuu lilikunjwa, tukazungushwa ufukweni, nasi tukijiona wafalme. Baada ya mazishi yake lilikaa miaka mingi chini ya mwembe, likiliwa na hewa ya chumvi. Mwaka jana mkaza mjomba alinikabidhi ufunguo, nami nikaapa kulifufua pale pale uani.

Magari haya yana historia yake. Mbunifu wake alikuwa Alec Issigonis, mzaliwa wa Izmir, Uturuki, yule yule aliyekuja kubuni Mini ya mwaka 1959. Yalipooneshwa London Oktoba 1948, yalikuwa ya aina mbili: la paa la chuma na la turubai. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na madeni mengi, na chuma kiligawiwa kwanza viwanda vilivyouza bidhaa nje. Ndiyo sababu moja ya magari kama haya kusambaa hadi makoloni. Kufikia Desemba 1960 Morris Minor zilikuwa zimetimia milioni 1, idadi ambayo hakuna gari jingine la Kiingereza lililokuwa limeifikia.

Ukiliona moja, tazama boneti yake. Katikati kuna bapa refu kutoka mbele kuelekea kwenye kioo. Matayarisho yakiwa karibu kwisha, Issigonis aliliona gari jembamba mno. Akaamuru lile la majaribio lipasuliwe katikati kwa urefu, nusu zake zikatenganishwa hadi macho yake yakaridhika. Ziliongezeka inchi 4, na bapa lile ndilo kovu lake. Msumeno wangu haukuwa na bahati kama ule.

Nikamwita fundi bodi mmoja mzee. Akalala chini na tochi yake, akakaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Mwanangu, vyuma vya kiwandani viko wapi?"

Sikuelewa. Akanieleza kwamba gari hili halina chasisi ya kusimama peke yake. Nguvu zimo katika bodi nzima, na paa ni sehemu ya nguvu hizo. Paa lisipokuwepo, mzigo hushukia vizingiti vya chini ya milango. Kwa hiyo gari la turubai lilitoka kiwandani likiwa na vyuma vya ziada chini ya dashibodi na penye miguu ya nguzo za milango. La mjomba halikuwa navyo. Tukakwangua rangi kwenye kibao cha namba karibu na injini. Kikasomeka MA2S5. M ni Morris, A ni aina ya injini, na 2S ni gari la paa la chuma lenye milango miwili. La turubai lingekuwa na herufi T.

Nilikasirika, nakiri. Huko Uingereza la turubai lina bei kubwa kuliko la paa, basi wapo wanaokata paa, na baadhi yao huuza kana kwamba ndilo la asili. Nikadhani mjomba alitapeliwa, au alitutapeli sisi.

Mkaza mjomba alicheka hadi akafuta machozi. Mwaka 1967, alisema, walipinduka karibu na Chalinze. Paa lilishuka hadi kwenye viti, wao wakatoka na michubuko tu. Paa jingine halikupatikana. Fundi akalikata, mshona mahema akashona turubai. "Mjomba wako hakutaka watu wajue kuwa alipinduka."

Kwa hiyo miaka yote ile tulipunga mikono ndani ya ajali.

Ningeweza kutafuta paa la chuma ili gari lilingane na kibao chake. Nimeliacha turubai, maana ndilo gari tulilolijua, ila sasa vyuma vya nguvu vimechomelewa. Safari hii tuliegemeza bodi kwenye magogo, tukachomelea vyuma vya muda kwenye nafasi za milango kabla ya kukata chochote, tukafanya upande mmoja kwanza. Mlango ulirudishwa na kujaribiwa kila hatua. Kazi ya kuchosha kweli kweli.

Juzi alikuja bwana mmoja akaniahidi fedha nyingi, kwa sharti kwamba kibao kile kipotee, tubandike kingine chenye T. Nikamwambia gari haliuzwi. Wala sikumweleza kwamba injini bado haijawaka.