Joto Linapopenya Dirishani

Juni na Julai, Nambis na vilima vingine vya Mbulu huamkia ukungu, na mwenye nyumba ya kisasa hushangaa sebule yake ikizidiwa joto na tembe la babu. Ajabu haipo. Wairaqw wa zamani walichimba nyumba kwenye mteremko, wakaezeka udongo, wakalala na mifugo humohumo. Yeye ameweka vioo vipana.

Wahandisi huipima tofauti hiyo kwa herufi moja, U: wati za joto zinazopita katika kila mita ya mraba ya dirisha, ndani na nje pakitofautiana kwa nyuzi moja ya Selsiasi. Namba ndogo ndiyo nzuri. Kioo kimoja cha kawaida hupata takriban 5.8, vioo viwili vyenye hewa katikati, 2.8 hivi, vikipakwa utando mwembamba wa metali na kujazwa gesi ya agoni, hushuka hadi karibu 1.1.

Kwa Kiswahili iitweje? "Upitishaji joto" umeshachukuliwa na fizikia ya shuleni, nao ni sifa ya mata yenyewe, iwe chuma au mbao. U huhesabu dirisha zima, pamoja na hewa inayoligusa pande zote mbili. "Upotevu wa joto" unafaa Nambis, lakini Dar es Salaam nani analia kwamba joto limepotea? Kule linaingia. Kitenzi kupenya hakijali upande. "Kipenyo" kingependeza zaidi, ila wanahisabati walikiwahi kwa ajili ya duara. Basi na iwe kiwango cha upenyaji joto.

Chukua dirisha la mita za mraba 1.2, ndani nyuzi 20, nje 8. Kioo kimoja huvujisha wati 84 hivi; viwili, 40. Mtu mzima aliyetulia hutoa wati 100 hivi, kwa hiyo madirisha mawili ya kioo kimoja humaliza joto lake lote na kudai zaidi.

Mnunuzi aulize kiwango cha dirisha zima, fremu ikiwemo: alumini hupitisha joto zaidi ya mara 1,000 kuliko mbao. Upepo wa kwenye nyufa haumo katika namba hiyo. Dawa yake ni raba na silikoni. Ila chumba kilichozibwa hivyo kisiingizwe jiko la mkaa usiku, maana kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini.