Zumbe na jumbe: neno moja, heshima mbalimbali

Kwa mwenyeji wa Handeni au Korogwe, neno zumbe halihitaji kufafanuliwa. Kwa Wazigua, Wasambaa na Wabondei ni mtawala, mtu mwenye nchi na watu wake. Msomaji wa mjini hulifahamu zaidi kwa sura yake ya Kiswahili: jumbe.

Tofauti ya herufi ya mwanzo ni ya kawaida baina ya lugha hizo. Jina la Kiswahili ni zina kwa Kisambaa na Kizigua. Jua ni zua.

Kilichotofautiana zaidi ni ukubwa wa mwenye cheo. Milimani Usambara, Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Vugha aliyefariki mwaka 1862, aliwaweka wanawe kuwa mazumbe wa sehemu mbalimbali za himaya. Mmoja wao, Semboja, alifanya makao yake Mazinde, bondeni, katika Korogwe ya leo, apate kuishika njia ya misafara. Uzigua, upande wa Handeni, hapakuwa na mfalme mmoja, na kila zumbe alitosheka na eneo lake. Katika pwani ya Mrima, jumbe alikuwa mkuu wa mji, akipokea ada kutoka kwa wafanyabiashara.

Ukoloni ndio uliolishusha neno hilo. Wajerumani walilichukua jumbe la pwani wakalifanya cheo cha mkuu wa kijiji, chini ya akida, na kazi yake kubwa ikawa kukusanya kodi na kutafuta vibarua. Aliyekuwa akipokea ada sasa alidai kodi kwa niaba ya wengine. Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika ilifuta utawala wa machifu, na uzumbe ukaondoka pamoja nao.

Wapo wanaolichanganya neno hili na mjumbe, hasa yule wa nyumba kumi. Sauti zinakaribiana, lakini kwa maana ni mbali: mjumbe hutumwa, ilhali zumbe ndiye anayetuma.

Hadhi ya kale haikupotea yote. Katika sala za Kisambaa, Zumbe ndilo neno la kumwita Bwana Mungu. Kwingineko limebaki katika majina ya watu, na Zanzibar ilipata kuongozwa na Rais Aboud Jumbe, kuanzia mwaka 1972 hadi 1984.