Habari za Askari wa Hiari wa London

Wasomaji wetu mwajua jinsi ilivyo kijijini ukipigwa ukelele usiku: kila mwanamume huamka akashika rungu lake, wala haulizi atalipwa nini. Labda mwadhani ya kuwa desturi hii ni ya mashamba tu, na ya kuwa katika miji mikubwa, penye polisi wa mshahara, watu hulala wakaiachia serikali kazi yote. Sivyo. Mji wa London ulipata polisi wake wa mshahara mwaka 1829, kwa shauri la Sir Robert Peel. Lakini mara nyingi umewatumia na askari wengine, watu wa dukani na afisini, ambao huapa kuilinda sheria pasipo mshahara. Katika habari zao twataka kueleza hasa siku moja, maana siku hiyo ilionyesha ugumu wa kazi hii kuliko siku zote.

Sheria ya askari hao ilitungwa mwaka 1831. Ilisema ya kuwa ghasia ikitokea, au ikiwapo sababu ya kuiogopa, mahakimu wawili waweza kuwaapisha watu wa mahali pale wawe askari kwa muda. Naye aliyekataa kuapa aliweza kutozwa faini hata paundi 5. Basi hiari ile ilikuwa na kamba yake kidogo.

Mwaka 1848 Ulaya ilitikisika. Mwezi wa Februari watu wa Paris walimwondoa mfalme wao, naye akakimbilia Uingereza. Huko Uingereza walikuwako watu wengi wa kazi za mikono waliotaka mambo sita waliyoyaandika katika hati moja, kama vile kila mwanamume mzima apate kura, na kura ipigwe kwa siri, na wajumbe wa Bunge walipwe, ili hata maskini aweze kuwa mjumbe. Waliitwa Wachatisti, yaani watu wa ile Hati. Kiongozi wao, Feargus O'Connor, alitangaza ya kuwa tarehe 10 Aprili watakutana katika uwanja wa Kennington, kusini ya mto Thames, kisha watavuka madaraja kwa maandamano wapeleke ombi lao Bungeni.

Hofu iliyoingia mjini ilikuwa kubwa kuliko jambo lenyewe. Malkia Victoria aliondolewa pamoja na watoto wake, akapelekwa kisiwa cha Wight. Jemadari mzee Wellington aliwaficha askari wa vita ndani ya majumba, wasionekane ila wakihitajiwa. Katika nyumba kuu ya vitabu na vitu vya kale, British Museum, watumishi walipandisha mawe juu ya dari wawatupie maadui. Na watu walioapishwa kuwa askari wa hiari, hesabu inayotajwa sana ni 85,000, hali polisi wa mshahara walikuwa kama 4,000 tu. Walikuwamo mabwana wakubwa, na makarani, na wenye maduka, na wapakuzi wa makaa ya mawe bandarini. Kila mmoja alipewa kirungu, akawekwa katika mtaa wake.

Hata siku ile ilipofika, hakuna vita. Mkuu wa polisi alimwita O'Connor akamwambia, Mkutano mwaweza kufanya, lakini maandamano hayatavuka mto. O'Connor akakubali, akawasihi watu wake watawanyike. Ombi likapakiwa katika magari matatu ya kukodi, likaenda Bungeni bila watu nyuma yake. Mchana mvua ikanyesha.

Tulipowasomea wanafunzi wetu habari hii, kijana mmoja aliuliza, “Mwalimu, wale wenye virungu walikuwa wakimlinda nani, na kumlinda na nani?” Hatukuwa na jibu jepesi. Mwenye duka alilinda duka lake, wala hana lawama. Nani apendaye kuvunjiwa? Lakini mtu aliyesimama mbele yake alikuwa mshonaji wa nguo zake, au fundi wa viatu vyake. Wako watu wa kazi walioapa kwa kuwaogopa mabwana zao, wako waliokataa, na wako waliosema watalinda mali ya kiwanda chao tu, lakini hawatatoka njiani kuwapiga wenzao. Sisi twawaona hao wa mwisho kuwa walilifikiri jambo vema kuliko wengi.

Mmoja wa walioapa alikuwa Louis Napoleon Bonaparte, mgeni aliyekimbia kwao Ufaransa. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule Wafaransa walimchagua kuwa rais, akaapa kiapo cha pili, kuitunza katiba yao. Mwaka 1851 aliivunja, na mwaka uliofuata akawa mfalme mkuu.

Baadaye kazi ya askari wa hiari ilibadilika. Katika vita vya 1914 walilinda madaraja na maji ya mji, na kuwaonya watu ndege za adui zilipokuja usiku. Wakawa walinzi wa jirani zao. Mwaka 1923 sheria iliwafanya kuwa jeshi la kudumu, lisilongoja ghasia. Hata leo wako London: hutoa saa 16 au zaidi kila mwezi, pasipo mshahara, nao wana uwezo wa kukamata kama polisi wengine.

Nao wale wa ng'ambo ya pili ya mto? Katika waliotengeneza yale maandamano ya 1848 alikuwamo William Cuffay, mshonaji wa London, ambaye baba yake alikuwa mtumwa katika kisiwa cha St Kitts. O'Connor alipokubali kutawanya watu, Cuffay alikasirika sana. Mwezi wa Agosti alikamatwa, akahukumiwa kwa ushahidi wa wapelelezi, akapelekwa Tasmania kifungo cha maisha. Mwaka 1856 alisamehewa, lakini hakurudi. Akafa huko mwaka 1870, hali ni maskini. Miaka miwili baadaye, Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kupiga kura kwa siri.