Bandari peke yake haijengi mji: Bagamoyo, Dar es Salaam na njia ya bara

Mara nyingi nawasikia wasomi wetu wakieleza kuanguka kwa Bagamoyo kwa sentensi moja: Dar es Salaam ina kina, Bagamoyo haina, basi. Nimesomesha jiografia ya miji kwa miaka mingi huku ugenini, na jibu hilo halinitoshi.

Hebu tutazame tarehe. Sultan Majid alianza kujenga Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1860. Bandari ilikuwa ile ile, imekingwa na upepo, meli kubwa inaingia. Majid akafa 1870, nduguye Barghash hakuishughulikia, majumba yakaharibika. Mwaka 1877 Waingereza wakaanza kufyeka barabara kutoka hapo kuelekea Ziwa Nyasa. Nayo ikaachwa porini baada ya miaka michache. Wakati wote huo misafara iliendelea kushukia Bagamoyo, ambako majahazi yalipwelewa mchangani maji yakitoka. Yaani bandari nzuri ililala miaka ishirini na bandari mbovu ikashiba. Kwa nini?

Kwa sababu nyuma ya Bagamoyo kulikuwa na njia. Wapagazi wa Kinyamwezi walioshusha pembe kutoka Tabora na Ujiji walijua pwani watakula nini, watalala wapi na watarudi na msafara wa nani. Wafanyabiashara wa Kihindi walikopesha nguo na shanga. Wazaramo walichimba sandarusi na kuuza nafaka. Mtandao kama huo hauhami kwa amri ya Sultani.

Mjerumani Walter Christaller, katika kitabu chake cha 1933, aliuweka mji katikati ya vijiji unavyovihudumia. Kwa pwani yetu mfano huo haukai sawasawa: mji uko ukingoni, na bara imetanuka nyuma yake kama upepeo. Mwaka 1971 A. F. Burghardt aliandika juu ya miji ya namna hii, miji iliyo lango. Na lango, ndugu zangu, thamani yake ni wapitao.

Wajerumani walihamishia makao yao Dar es Salaam mwaka 1891. Lakini kilichoimaliza Bagamoyo khasa ni reli. Kwanza ile ya Mombasa, iliyofika Kisumu 1901 na kuvuta biashara ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya. Kisha reli ya kati kutoka Dar es Salaam: ilianzwa 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Njia ilipohama, mji ukaifuata.

Hapo ndipo wengi wetu tunapofunga kitabu, na mimi naona ndipo pa kukifungulia. Maana tunazungumza habari za miji miwili ya pwani na kuwasahau waliokuwa katikati. Msafara ulikula njiani. Kila kambi ilinunua mtama, kuku, maji. Ugogo, penye ukame, watemi walidai hongo, na msafara ulilipa nguo au ulikaa na kiu. Sisifu zama zile: njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa, na hongo ilizusha ugomvi mwingi. Lakini mwenye kisima alikuwa na sauti mbele ya mwenye pembe. Treni haili mtama, wala hailipi hongo. Ilipovuka Ugogo, mwenye kisima akabaki mtazamaji.

Kwa hiyo uhusiano wa mji na bara si suala la umbali na kina cha maji tu. Ni suala la nani anaweza kuusimamisha mzigo na kudai sehemu yake.

Swali hili halijazeeka. Mwaka 2013 mkataba wa bandari mpya ya Bagamoyo ulitiwa saini, na mjadala mkubwa ukawa juu ya masharti ya mwekezaji. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na sifa yake kubwa ni mwendo wa kasi. Vyema. Lakini kadiri treni inavyokwenda mbio, ndivyo wa katikati wanavyopata nafasi ndogo ya kuiuzia kitu. Tukiulizwa habari za bandari na reli, tusiishie kuuliza mji gani utanufaika. Tuulize pia Kilosa na Mpwapwa wataipakia nini, na kwa bei iliyopangwa na nani.

Mwenye hoja ya kunipinga na ailete, tufaidike sote.

Wasalaam.